Tiba Mpya za Ini na Wagonjwa Wasiojaribiwa

Kiswahili huuweka uchungu mkubwa ndani ya ini: neno baya hukata maini. Waliotunga usemi huo hawakuwa na maabara, lakini hawakukosea sana. Kiungo hiki chenye uzito wa kilo moja na nusu hivi ndicho kisafishacho damu, kitengenezacho protini za kuigandisha, kihifadhicho sukari na kuondoa sumu za chakula na dawa. Ini linaposhindwa, mwili mzima hushindwa pamoja nalo. Macho huwa manjano, tumbo hujaa maji, miguu huvimba, na mwishowe akili hupotea na mgonjwa hulala usingizi usio wa kawaida. Figo zikishindwa iko mashine ya kuzisaidia kwa miaka mingi. Kwa ini haijapatikana mashine ya namna hiyo. Lililoharibika kiasi cha kutopona lina tiba moja tu ya hakika, nayo ni kupandikiza ini la mtu mwingine, kazi iliyofanywa kwa mara ya kwanza na Thomas Starzl huko Denver, Marekani, mwaka 1963, na ambayo hata leo si huduma ya kawaida katika hospitali za Afrika Mashariki.

Kwa hiyo si ajabu kwamba kila habari ya tiba mpya ya ini hupokelewa kwa shauku. Mwezi Januari mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, ambamo wagonjwa wa ini walirudishiwa chembe zao wenyewe za kinga baada ya chembe hizo kulelewa maabarani. Habari za aina hii huenea upesi, na zifikapo kwa ndugu wa mgonjwa huwa zimekwisha kugeuka kuwa dawa iliyopatikana. Dawa haijapatikana. Kilichopatikana ni dalili njema, tena iliyoonekana katika nchi ambayo chanzo kikubwa cha kuharibika kwa ini ni pombe, na si maradhi yanayowalaza watu Mwanza, Dodoma au Kisumu. Tofauti hiyo ndiyo inayostahili kufikiriwa na wanasayansi wa Afrika Mashariki sasa, kabla tiba hizi hazijafika sokoni.

Asili ya jambo lenyewe ni ya zamani. Mwaka 1882, katika mji wa Messina kisiwani Sicily, mwanasayansi Ilya Mechnikov alichoma miiba midogo ndani ya viumbe vichanga vya yule mnyama wa baharini ambaye wavuvi wa pwani humwita kiti cha pweza. Viumbe hao miili yao hupenya mwanga, na asubuhi yake aliona kwa hadubini jinsi chembe zenye kutembea zilivyouzingira mwiba, kama siafu waliokuta funza. Alitambua kwamba mwili una walinzi wanaokula wavamizi. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich. Walinzi wakubwa miongoni mwao huitwa makrofaji, yaani walaji wakubwa, na ini la binadamu limejaa makrofaji kwa wingi mno, kwa sababu damu yote itokayo matumboni, pamoja na vijidudu vilivyoponyoka humo, lazima ipite kwao kwanza.

Makrofaji hawa wana kazi mbili zinazopingana. Ini linapojeruhiwa, wao ndio wapigao mbiu na kuita askari wengine, na vita hivyo huharibu hata chembe zilizokuwa nzima. Vita vikitulia, jamaa ya makrofaji hao hao huja kuzoa mizoga, kumeng'enya nyuzi za kovu, na kuziamsha chembe za ini zianze kugawanyika upya. Ini lina uwezo wa ajabu wa kujijenga. Likikatwa theluthi mbili huweza kukua tena hadi kurudia ukubwa wake. Lakini mahali ambapo jeraha halikomi, ama kwa pombe, ama kwa mafuta, ama kwa kirusi, wapiganaji huwazidi wajenzi, kovu hutanda juu ya kovu, na ini husinyaa na kuwa gumu. Hali hiyo ndiyo iitwayo sirosi.

Katika hatua za mwisho hutokea jambo la tatu, ambalo lilichelewa kufahamika. Baada ya ghasia, jeshi zima la kinga hupoteza nguvu. Chembe za ulinzi zimo katika damu, lakini zikikutana na bakteria haziitiki. Mgonjwa aliyelazwa kwa sababu ya ini hufa kwa maambukizo ya mapafu au ya maji ya tumboni. Daktari basi hukabiliwa na mwili ambao kinga yake ni kali kupita kiasi na dhaifu kupita kiasi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo tiba nyingi zilipokwama.

Wa kwanza kujaribu walitaka kuizima kinga. Huko Ufaransa dawa iitwayo infliximabu, izuiayo mmoja wa wajumbe wakali wa kinga, ilijaribiwa kwa wagonjwa 36 wenye uvimbe mkali wa ini utokanao na pombe. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, kwani waliopewa dawa walikuwa wakifa zaidi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Dawa ya zamani ya prednisoloni ilipimwa Uingereza kwa wagonjwa 1,103 wa maradhi hayo hayo. Mwaka 2015 ilionekana kwamba faida yake katika mwezi wa kwanza, kama ilikuwapo, ilikuwa ndogo, na kwamba maambukizo makali yaliwapata 13% ya walioipata, dhidi ya 7% ya wasioipata. Kumnyang'anya silaha askari ambaye tayari anasinzia si jambo la busara, ingawa ni rahisi kusema hivyo baada ya hesabu kufanywa na watu wengine.

Wengine wakashika njia ya pili, ya kumwamsha askari. Iko homoni inayouchochea uboho wa mifupa utoe chembe nyeupe kwa wingi, na ambayo hutumiwa siku zote kwa wagonjwa wa saratani. Mwaka 2012 madaktari wa New Delhi walitangaza kwamba waliwapa homoni hiyo wagonjwa 23 ambao ini lao lilikuwa limeporomoka ghafula, na wengine 24 wakapewa dawa isiyo na kitu. Baada ya siku 60 walikuwa hai karibu 70% ya kundi la kwanza, na 29% tu ya kundi la pili. Tofauti kubwa kiasi hicho haionekani mara nyingi katika tiba ya ini, na hospitali mbalimbali zilianza kuitumia homoni hiyo. Ndipo Wajerumani walipolirudia jaribio kwa wagonjwa 176 katika hospitali kadhaa. Halikufika mwisho wake. Lilikatishwa kwa sababu ilikwisha kuwa dhahiri kwamba dawa haikuongeza uhai hata kidogo, na taarifa ilitolewa mwaka 2021.

Je, wa New Delhi walidanganya? Hapana sababu ya kudhani hivyo. Kundi dogo laweza kuleta bahati kubwa, na pia yawezekana kwamba mgonjwa wa Delhi na mgonjwa wa Leipzig hawakuwa wagonjwa wa namna moja, hata kama jina la ugonjwa lilikuwa moja. Maelezo haya mawili hayajaamuliwa. Msomaji na ayaweke yote mawili akilini, kwani yanarudi katika habari ya Edinburgh.

Watafiti wa Edinburgh, chini ya Profesa Stuart Forbes, hawakuizima kinga wala hawakuiamsha kwa dawa. Waliamua kuongeza wajenzi. Baada ya majaribio kwa panya yaliyochapishwa mwaka 2011, walibuni utaratibu ufuatao kwa binadamu. Damu ya mgonjwa hupitishwa katika mashine inayotenga chembe nyeupe na kumrudishia nyingine zote. Kati ya chembe hizo huchaguliwa zile ziitwazo monosaiti, ambazo ni makrofaji wachanga, na hulelewa kwa siku saba katika chumba safi kabisa hadi zikomae. Kisha mgonjwa hutiwa makrofaji hao katika mshipa, kwa njia ile ile ya kutiwa maji ya dripu. Mwaka 2019 ilitolewa taarifa ya wagonjwa 9 wa kwanza: hakuna aliyedhurika, hata aliyetiwa chembe bilioni moja.

Jaribio lililofuata, lile la mwaka 2025, lilihusisha watu wapatao 50. Nusu hivi, waliochaguliwa kwa kura, walipata makrofaji mara moja au mara tatu, na waliobaki waliendelea na matibabu ya kawaida. Kipimo kikuu kilichowekwa kabla ya kuanza kilikuwa hesabu ya hatari, ambayo hujumlisha kiasi cha rangi ya nyongo katika damu, hali ya figo na wepesi wa damu kuganda. Baada ya siku 90 hesabu hiyo ilikuwa imeelekea upande mzuri kwa waliopewa chembe, kwa tofauti iliyopungua pointi moja, na takwimu hazikuweza kuthibitisha kwamba hiyo haikuwa bahati tu. Kwa kanuni za sayansi, kipimo kikuu hakikufikiwa. Lakini katika mwaka mmoja wa kuwafuatilia, watatu kati ya 24 wa kundi lisilopewa chembe walifariki dunia, na wengine walipata matatizo makubwa ya ini. Katika kundi lililopewa, hakuna aliyekufa wala aliyepata tatizo kubwa la ini.

Mtu aweza kuyasoma matokeo hayo kwa moyo mkunjufu au kwa shaka, na wote wawili watakuwa na haki. Vifo vitatu ni vichache mno kujengea hoja. Tena wagonjwa wenyewe walijua ni nani aliyepewa na ni nani asiyepewa, jambo ambalo hupotosha hata watu waaminifu. Na jambo kubwa kuliko yote, hawa hawakuwa watu ambao ini lao lilikwisha kushindwa. Lilikuwa na sirosi, lakini bado lilijimudu. Kuiita tiba hii dawa ya ini lililoshindwa ni kuruka hatua ambayo bado haijakanyagwa. Pamoja na hayo, kulinganisha makundi kwa kura, kutangaza kipimo kabla ya kazi, na kukiri hadharani kwamba hakikufikiwa, huo ndio utafiti unaostahili heshima. Kazi yenyewe inaendelea, na wamekwisha kuanza kupimwa makrofaji waliobadilishwa vinasaba ili wazime uvimbe na kula kovu kwa nguvu zaidi.

Sasa twende kwa mgonjwa wa Afrika Mashariki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani waliishi na kirusi cha homa ya ini aina ya B, na kwamba 63% ya maambukizo mapya yalitokea barani Afrika. Wengi huambukizwa wakiwa wachanga, kutoka kwa mama au kwa watoto wenzao, na ini huharibika polepole kwa miaka 20, 30 au 40. Juu ya mzigo huo huongezeka sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, ambayo kidogo kidogo huleta saratani ya ini, na ikizidi huliangusha ini kwa siku chache. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na kufa 125. Mwaka 2016 balaa la namna hiyo liliua watu wapatao 20 katika mikoa ya kati ya Tanzania.

Ini lililochomwa na pombe na ini lililochomwa na kirusi cha B hufanana machoni, lakini vita vilivyoyaharibu si vimoja. Kirusi cha B chenyewe hakiui chembe ya ini. Huweza kukaa ndani yake miaka na miaka bila ghasia. Wanaoiua chembe hiyo ni askari wa kinga, wanapotambua kwamba ndani yake mna mgeni. Ndiyo maana dawa ya intaferoni, ambayo huamsha kinga na huwasaidia baadhi ya wagonjwa wa homa ya ini B wenye ini lenye nguvu, hukatazwa kabisa kwa yule ambaye ini lake limekwisha kuchoka: kinga iliyoamshwa huweza kuliteketeza lililosalia. Je, makrofaji wa maabara, wakiingia katika ini lenye kirusi, watajenga tu, au watapiga mbiu na kuwaita wauaji? Nadharia yasema huenda watajenga, hasa kirusi kikiwa kimetulizwa kwa tenofovir. Nadharia pia iliahidi mema kwa infliximabu. Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kuwatazama wagonjwa wa pombe wa Scotland. Litajibiwa mahali ambapo wagonjwa wa homa ya ini B wapo kwa wingi, ama sivyo litajibiwa baada ya dawa kuuzwa, na jibu watalilipia wagonjwa.

Wapo watakaopinga, na hoja yao ni nzito. Watasema nchi yenye upungufu wa vipimo vya damu haina haja ya kuwaza juu ya chembe zilizolelewa kwa siku saba, na kwamba shilingi moja iliyotumiwa kwa chanjo huokoa maini mengi kuliko elfu zilizotumiwa kwa makrofaji. Ni kweli. Chanjo ya mtoto siku anayozaliwa ndiyo tiba ya kinga iliyo bora kuliko zote kwa ini, na ni aibu kwamba mwaka 2022 ilikadiriwa kuwafikia 18% tu ya watoto wachanga wa Afrika. Tenofovir ipo, ni nafuu, na huzuia maini mengi yasifike kushindwa. Lakini duniani kote ni 13% tu ya wenye kirusi hiki waliokuwa wamekwisha kupimwa na kujulikana, na 3% tu waliokuwa wakitibiwa. Anayedai fedha za afya ziende huko kwanza asipingwe.

Hata hivyo hoja hiyo haimalizi mambo. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, ambao leo ni wazazi, walimu, madereva na wakulima, hawakuipata utotoni, na kwa aliyeambukizwa akiwa mchanga chanjo haina kazi tena. Kwa hesabu ya miaka 20 hadi 40, wodi zitaendelea kupokea maini yao kwa miongo kadhaa ijayo, hata kama kuanzia kesho kila mtoto atachanjwa saa anapozaliwa. Mtu huyo akifika na tumbo lililojaa maji, kumwambia kwamba kinga ni bora kuliko tiba ni kumwambia lisilomsaidia.

Maandalizi yanayotakiwa si ya anasa. Chukua mfano wa tiba nyingine ya kinga iliyokwisha kwenda mbele zaidi, ile ya kubadilisha plazima, yaani maji ya damu, ili kuondoa sumu na wajumbe wa kinga wanaochochea ghasia. Ilijaribiwa Copenhagen, London na Helsinki kwa wagonjwa 182 walioshindwa na ini ghafula. Kwa taarifa ya mwaka 2016, walionusurika hadi kutoka hospitalini walikuwa 58.7%, dhidi ya 47.8% ya wengine. Hakuna chembe iliyolelewa wala kinasaba kilichobadilishwa. Lakini mgonjwa mmoja hubadilishiwa lita 8 hadi 12 kwa siku, siku tatu mfululizo, na kila mchangiaji damu hutoa plazima ya robo lita hivi, au pungufu. Ni kusema mgonjwa mmoja ahitaji wachangiaji 100 au zaidi. Benki ya damu inayohangaika kupata chupa mbili za mama aliyetokwa na damu wakati wa kujifungua haiwezi kuanza hapo, wala isilazimishwe. Inaweza kuanza kwa kuongeza wachangiaji, kwa kutenga na kugandisha plazima badala ya kuitoa damu nzima kwa kila haja, na kwa kupata mashine ya kutenga chembe, ambayo ndiyo hatua ya kwanza ya kazi ya Edinburgh pia. Mashine hiyo haitakaa bure ikingojea makrofaji. Wagonjwa wa saratani ya damu na wa selimundu wanaihitaji leo.

Pamoja na hilo ziwepo daftari za wagonjwa wa ini katika hospitali za rufaa, zionyeshe chanzo cha ugonjwa, umri, na mwisho wa kila mmoja. Mtafiti wa nje akija kuuliza, apewe takwimu na ushirikiano, asipewe makisio. Bila daftari hizo hakuna jaribio litakalofanyika Afrika Mashariki, na chembe zitakapokuja zitakuja kama bidhaa. Wachuuzi wamekwisha kutangulia. Katika nchi mbalimbali wako wanaouza sindano za chembe ambazo hazijapimwa kwa ulinganisho wowote, na watu huuza shamba kwa ajili ya sindano hizo. Mamlaka za dawa zingeweza kuagiza jambo moja lililo rahisi: yeyote anayetangaza tiba ya chembe aonyeshe kibali cha jaribio, jina la kipimo kikuu, na kwamba mgonjwa halipi chochote. Mgonjwa wa Edinburgh hakununua nafasi yake.

Na jaribio litakapofika Afrika Mashariki, mkataba wake useme tangu siku ya kwanza ni nani atakayelipia matibabu hayo yakifaulu, na kwa miaka mingapi, ili mgonjwa wa Sengerema aliyetoa damu yake ijaribiwe asije akaambiwa baadaye kwamba tiba iliyopatikana kwa damu hiyo hawezi kuinunua.